Mabapa Saba Aliyoyasugua Baba

Baba yangu alisugua mabapa saba ya springi za gari lake. Yale mengine thelathini na moja niliyaua mimi, kwa moto wa kuchomea matofali, mimi ambaye nimefundisha fizikia kwa miaka ishirini na kuchora springi ubaoni mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Naandika haya kwa sababu watu wa nyumbani wameshaanza kuisimulia habari hii vingine. Wanasema gari lilikuwa zee na mzee naye alikuwa amechoka, basi mambo yakaishia hapo. Wananionea huruma tu. Gari lilikuwa linapona, na mzee alikuwa na kazi yake kila asubuhi, mpaka nilipoingilia.

Kwetu ni Kilungu, upande wa juu, ambako shamba lisilo na matuta huteremka lote na mvua moja. Baba alikuwa afisa wa kilimo. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia akipanda na kushuka vilima hivi na gari la serikali, akiwaonyesha watu jinsi ya kupima mteremko kwa kamba na kuchimba mitaro ile tunayoiita fanya juu. Alipostaafu, gari likapigwa mnada pamoja na meza na makabati ya ofisi, naye akalinunua. Lilikuwa gari la enzi zile, la bodi nyepesi isiyoshika kutu, lenye magurudumu manne yanayovuta yote na usukani mkubwa kama sinia la ugali wa arusi. Alilitumia kubeba mbolea, maembe, wagonjwa na kwaya, kisha likaanza kusumbua, akaliegesha kwenye kibanda cha mabati nyuma ya ghala. Kuku wakahamia kiti cha nyuma. Hakuna aliyewafukuza.

Halafu macho yakaanza. Alidhani ni miwani. Tulipompeleka hospitalini tukaambiwa ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa sana. Daktari alikuwa mwanamke mpole, akatueleza bila kutuficha: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitaendelea kupungua hata kwa dawa. Labda mwaka mzima, alisema, labda nusu yake. Wakati huo Baba alikuwa bado anaona mbele yake moja kwa moja, kama mtu anayechungulia kupitia bomba, na asubuhi ndipo alipoona vizuri zaidi. Pembeni hakukuwa na kitu. Mtu akimjia kutoka kando, alishtuka.

Siku ile tulirudi nyumbani pamoja. Ndipo aliponiambia anachotaka. Hakutaka kupelekwa kwa daktari mwingine wala kuombewa kwa kuwekewa mikono. Alitaka kuliendesha gari lake mwenyewe, mara moja tu, angali anaona, kwenye ile barabara ya mgongoni mwa kilima inayotoka kwetu hadi kijitoni. Barabara hiyo aliipima yeye kwa vigingi, kabla mimi sijazaliwa. Si ndefu, na asubuhi ya Jumamosi huwezi kukutana na gari hata moja.

Ndugu zangu wawili, wote wako Nairobi, walipinga kwa simu. Mmoja alisema tutamuua mzee. Mwingine akasema hayo ni machuma tu, yauzwe kwa kilo. Mimi ndiye binti wa kwanza, na nimepewa jina la mama yake Baba, kwa hiyo tangu nizaliwe Baba ameniita Mwaitu, yaani mama yangu. Wakamba wataelewa. Ukiitwa mama na baba yako mwenyewe tangu utotoni, unakua ukijiona una mamlaka fulani nyumbani ambayo pengine huna. Niliwaambia ndugu zangu kwamba gari litatengenezwa, na litatengenezwa na mimi, na wasijisumbue kuja. Nilisema kwa sauti ya kupanda, na nilifurahia kuipandisha.

Nafundisha upande wa Kitui, karibu na Kanyangi, na kutoka huko hadi nyumbani ni safari ya nusu siku. Nilikuwa nakuja kila Jumamosi na kurudi Jumapili baada ya ibada. Nilimpata fundi kule Emali, mzee aliyepishana na Baba kidogo tu kwa umri, aliyewahi kutengeneza magari ya aina hiyo yalipokuwa mapya. Yeye aliamsha injini, akabadilisha mipira ya breki, akasafisha tangi. Kilichobaki kilikuwa springi.

Springi za gari hilo si zile za kujiviringa. Ni mabapa ya chuma yaliyopindwa kidogo kama upinde, yakapangwa moja juu ya jingine, refu juu, linalofuata fupi kidogo, hadi la mwisho ambalo ni kama urefu wa mkono kutoka kiwiko. Mbele zilikuwa springi mbili za mabapa tisatisa, nyuma mbili za mabapa kumikumi. Kwa miaka yote ile ya kibandani kutu ilikuwa imeingia katikati ya mabapa ikavimba, yakashikana yakawa kitu kimoja. Fundi alisema springi iliyoshikana hivyo haichezi, inapiga tu, na ukipita nayo kwenye mawe inaweza kuvunjika.

Alizifungua zote nne, siku mbili za kupiga nyundo na kumwagia mafuta. Aliyatandaza mabapa kwenye gunia, akachukua moja, akalining'iniza kwa kamba, akaligonga kwa spana. Lililia kwa sauti ndefu na safi. Akasema chuma chenyewe ni kizima kabisa, kutu ni ya juu tu. Kila bapa lisuguliwe kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka liwe jeupe, lipakwe praima ya kuzuia kutu, lipakwe rangi nyeusi, kisha yeye atarudi ayapake grisi katikati na kuyafunga upya. Aliyatia alama za nukta kwa patasi ili yasichanganyike. Akaenda zake, akaniachia brashi mbili.

Nilidhani kazi hiyo ni yangu. Jumamosi iliyofuata nilimkuta Baba ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa ghala, gunia juu ya mapaja, bapa juu ya gunia, kopo la mafuta ya taa kando ya mguu. Alikuwa anasugua. Alisugua kidogo, akapitisha kidole gumba, akapata mahali penye vipele vya kutu, akarudia hapo hapo. Alikuwa na bapa la pili. La kwanza lilikuwa limeegemezwa ukutani, na kusema kweli liling'aa kuliko kisu changu cha jikoni. Nilimwambia aniachie, akaniambia nikapike.

Tangu siku hiyo akawa ananipigia simu jioni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Mama alipofariki. Hakuwa na mengi. Alisema leo amemaliza la tatu, kwamba la nne lina shimo dogo la kutu karibu na tundu la bolti lakini si la kutisha, kwamba mikono inauma uzuri. Alisema hivyo, inauma uzuri. Nami nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha tatu huku nikimwita Nau, yaani baba, na kusema ndiyo, Nau, ndiyo, na kichwani nilikuwa napiga hesabu.

Hesabu ilikuwa hii: bapa moja lilimchukua siku mbili au tatu. Mabapa yalikuwa thelathini na manane. Injini na breki zilikuwa zimeshakula sehemu kubwa ya muda aliotaja daktari. Baba alikuwa ameanza kumwaga chai nje ya kikombe. Alikuwa amemsalimu mchungaji wetu kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu alimjia kutoka kando. Kwa mwendo ule, bapa la mwisho lingekuwa jeupe kabisa siku ambayo yeye hangeweza kuliona. Niliona nimuombe tugawane, nikajua atakataa. Niliona niombe ruhusa kazini nije nisugue usiku na mchana, nikajua mkuu wa shule atakataa. Basi nikakasirika. Mimi nikiogopa hukasirika, ndivyo nilivyo, na nilikasirikia kutu, na macho, na ndugu zangu, na hata zile simu za jioni zilizoniambia la tano, la sita, kwa furaha, kama mtu aliyepewa miaka ya kuchezea.

Mama jirani yetu alikuwa anataka kumjengea mwanawe nyumba, na wiki ile alikuwa anapanga tanuri la matofali. Nilipomtembelea Jumamosi alasiri nilimkuta amepanda juu, anapokea matofali, na chini kwenye mlango mmoja wa moto amepanga vichwa vitatu vya majembe. Kwetu mpini ukivunjikia ndani ya tundu la jembe, hupotezi muda kuuchokoa. Unatupa jembe motoni, mti unaungua, chuma kinatoka kisafi. Bolti iliyoshikana tunaichoma. Sufuria iliyoganda masizi tunaichoma. Nimeona hivyo tangu nikiwa mdogo na sijawahi kuona jembe likilalamika. Nilisimama pale nikiyatazama yale majembe, na wazo likanijia likiwa limekamilika. Kutu, rangi ya zamani, grisi iliyoganda, vyote vitaungua kwa siku moja.

Nataka nieleweke hapa, kwa sababu hapa ndipo palipo na aibu yangu. Najua chuma cha springi ni nini. Najua kinapewa uwezo wake wa kurudi kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla kwenye mafuta, kisha kupashwa tena kidogo kwa kipimo. Najua kwamba ukikipasha mpaka kiwe chekundu na kukiacha kipoe polepole, unakirudisha kuwa chuma tu. Nimeyasema hayo darasani. Nimeyatungia swali la mtihani. Lakini elimu yangu yote ilikuwa Kanyangi, kwenye ubao, na mimi nilikuwa Kilungu, kwenye tanuri la jirani, binti wa nyumbani anayejua jinsi ya kutoa mpini uliovunjika. Hayo mawili hayakukutana hata dakika moja. Sikumbuki kujiuliza nikajijibu vibaya. Sikujiuliza.

Jumapili, tuliporudi kutoka ibadani, Baba alilala kidogo baada ya chai, kama alivyozoea. Niliyabeba mabapa thelathini na moja kwa toroli, safari nne, nikamwachia lile la saba alilokuwa ameanza. Jirani aliyapanga vizuri ndani ya milango ya moto, akaniambia hata hayatachukua nafasi ya tofali moja. Tanuri likawashwa alasiri hiyo, mimi nikiwa njiani kurudi kazini. Likala kuni mpaka Jumatatu, likazibwa kwa matope, likaachwa lipoe wiki nzima. Kama ningetafuta njia ya kuua chuma kikamilifu zaidi, nisingeipata.

Baba aliamka akakuta gunia tupu, nami nimeshaondoka. Aliponipigia jioni nilimdanganya. Nilimwambia nimeyapeleka Emali kwa watu wenye mashine ya kupuliza mchanga, itasafisha yote mara moja, asijichoshe tena. 

"Kumbe kuna mashine," alisema.

Nilimwambia ipo. Akasema ni vizuri. Akaniuliza kama nimekula, akakata simu.

Jioni ya Jumatatu hakupiga, wala Jumanne. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilisema mzee anapumzika. Niliporudi Jumamosi nilikuta bapa la saba limekamilika limeegemezwa na wenzake, na brashi imeoshwa ikaning'inizwa kwenye msumari. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda kilekile mlangoni mwa ghala, mikono imelala mapajani, uso umeelekezwa uani. Nilimuuliza anafanya nini akasema hakuna. Hilo nalo sikuliona. Nilikuwa na haraka ya kwenda kubomoa tanuri.

Mabapa yalitoka ya kijivu, yamevaa magamba membamba yaliyodondoka kwa kuguswa tu na brashi. Chini yake chuma kilikuwa kisafi kuliko nilivyoota. Niliimba. Nilisugua yote kwa siku moja, nikayapaka praima nyekundu pamoja na yale saba ya Baba, na wikendi iliyofuata nikayapaka rangi nyeusi ya kung'aa mara mbili, nikiyaning'iniza kwenye kamba ya nguo kama samaki. Wapita njia walisimama kutazama. Nilipiga picha nikawatumia ndugu zangu bila kuandika neno. Baba alipitisha kidole gumba juu ya bapa lililokauka, taratibu, kutoka mwisho hadi mwisho. Akasema mashine hiyo ni nzuri sana. Sijui kama alikuwa ananiamini.

Fundi alirudi akafunga springi. Alipokuwa akizibana alisema yanakubali upesi haya, ya zamani yalikuwa yakipigana na mtu. Akaacha mkono kwenye kibanio, akatazama. Nikamwambia ni kwa sababu sasa hayana kutu. Alinitazama, akakumbuka mimi ni mwalimu, akaendelea. Nilimnunulia soda.

Siku yenyewe Baba alivaa koti lake la ofisi na kofia. Jua lilikuwa limetoka vizuri, ukungu umeshuka bondeni. Fundi alishusha jeki moja baada ya nyingine, na gari likasimama kwa miguu yake, chini kidogo kuliko nilivyokumbuka, lakini lilisimama. Baba alipanda bila kushikwa. Alirekebisha kioo, ambacho hakingemfaa kitu, akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza kwa kiganja kilichofunguka, na mkono ule haukusita hata kidogo. Mimi nilikaa kando yake. Alikuwa anatazama mbele kabisa, shingo imenyooka, na nilimwona anatabasamu bila kufungua mdomo.

Tulitoka kibandani. Tukapita ghala, tukapita mlango wa jikoni. Kabla ya kufika lango kuna tuta dogo, alilochimba yeye mwenyewe kuzuia maji ya mvua yasiingie uani. Magurudumu ya mbele yalipanda, yakashuka, na gari likainama nayo wala halikuinuka. Ya nyuma yakafuata. Kulikuwa na mlio wa chuma kukalia chuma, kisha harufu ya mpira, kwa sababu gurudumu lilikuwa linasuguana na bodi. Baba alizima injini. Tulikuwa tumeenda labda hatua arobaini.

Fundi alilala chini akaingia uvunguni. Tulimsikia akigonga mahali pamoja, kisha pengine. Alipotoka hakunitazama mimi, alimtazama Baba.

"Mzee, hii chuma imepikwa," alisema. "Hizi springi zimekufa."

Kisha akaanza kujilaumu, kwamba alihisi alipokuwa akibana, kwamba alipaswa kugonga, kwamba yeye ni fundi gani. Ningeweza kumwacha ajilaumu. Nilisimama pale na nilifikiria hilo, si kwa muda mrefu, lakini nilifikiria.

Baba alishuka, akamwomba azifungue zote. Ilichukua mpaka adhuhuri. Mabapa yalipangwa tena kwenye gunia, mengine yamenyooka kabisa kama rula. Baba alileta kigoda chake, akaomba kamba na spana. Alining'iniza bapa moja, akagonga. Lilitoa sauti fupi, kama kugonga kuni. Akaliweka kushoto. Akachukua jingine, kushoto. La tatu likalia, sauti ndefu ikaenda mpaka kwenye migomba, akaliweka kulia. Alifanya hivyo kwa yote thelathini na manane, bila kuyatazama. Alipomaliza, kulia kulikuwa na saba. Akapitisha kidole juu ya rangi yangu nyeusi, akaipata ile alama ya shimo karibu na tundu la bolti.

"Haya ni yangu," alisema. "Hayo mengine yalienda wapi, Mwaitu?"

Nikamwambia. Niliyasema yote, tanuri, majembe, toroli, mashine ya mchanga ambayo haipo. Nilimwambia niliona siku zake zinakwisha, kwamba nilitaka awahi. Nililia mbele ya fundi na jirani aliyekuwa amekuja kuona gari, na nilitaka anikaripie, kwa sababu akinikaripia ningejua la kufanya. Alingoja ninyamaze.

"Haraka ilikuwa ya nani?" aliniuliza.

Nimekaa na swali hilo. Nimejaribu kulijibu kwa namna inayonifaa, nikashindwa. Yeye alikuwa na bapa moja kwa siku mbili, na simu ya jioni ya kusema amemaliza. Haraka ilikuwa yangu. Nilitaka kuwa yule aliyempa safari hiyo. Nilitaka picha za kuwatumia ndugu zangu. Na nikiwa mkweli kabisa, nilitaka jambo hili liishe, niache kuhesabu.

Tulitafuta springi nyingine. Fundi aliulizia Emali na mjini Wote, mimi nikaulizia Kitui mjini na hata Mwingi. Kila aliyewahi kuwa na gari la aina hiyo alitujibu kitu kimoja: springi ziliuzwa kwa wahunzi zamani, zikakatwa mapanga, kwa sababu hakuna panga linaloshinda la chuma hicho. Kitui mhunzi mmoja alinionyesha panga lake mwenyewe kwa fahari na kunieleza lilitoka kwenye springi ya gurudumu gani. Mwishowe tukaambiwa kuna karakana Nairobi inayoweza kuyapasha mabapa upya na kuyapoza kwa mafuta ipasavyo. Tuliyapeleka. Walikuwa na kazi za malori mbele yetu, wakasema tungoje. Tukangoja wiki, halafu tukangoja miezi.

Katika miezi hiyo nilimletea Baba vitu vya kusugua. Nilileta sufuria, nikaleta mlango wa chuma wa zizi, nikaleta bolti za gari kwenye kopo. Alivipokea kwa adabu. Alisugua sufuria moja. Sikuwa na ujasiri wa kumwomba anipigie simu jioni, na ya kuniambia hakuwa nayo. Mvua za vuli zilipoanza aliniuliza asubuhi moja kwa nini sijafungua madirisha. Yalikuwa wazi. Nilienda nikayafunga kwa kishindo, nikayafungua tena, nikamwambia sasa nimeyafungua.

Springi zilirudi wiki moja kabla ya Krismasi. Fundi aligonga kila bapa mara mbili mbele yangu kabla ya kulifunga, na kila moja lililia. Gari lilisimama juu, limenyooka, likapita tuta la langoni na kurudi bila kuinama. Ndugu zangu walikuwa wamekuja kwa sikukuu, wakalizunguka wakilisifu. Mmoja alinishika bega. Nilitaka kumuuma.

Nilimshika Baba mkono nikampeleka. Aliujua mlango, akaujua usukani, akapanda upande wa dereva na kukaa. Mkono ukaenda kwenye gia, ukaituliza. Injini ilikuwa inanguruma vizuri. Alikaa hivyo kwa muda, uso umeelekezwa mbele kama ilivyompasa.

"Linaangalia wapi?" aliniuliza.

Nikamwambia linaangalia lango. Aliitikia kwa kichwa. Kisha akasogea taratibu, akavuka gia kwa mguu mmoja halafu wa pili, akakaa kiti cha abiria na kuweka mikono mapajani. Nilizunguka nikaingia mahali pake. Nilimpeleka kwenye barabara aliyoipima, mpaka kijitoni, nikageuza, nikamrudisha. Springi zilitubeba vizuri, hata mawe ya kule kwenye kona hatukuyasikia. Njia nzima hakuniuliza tumefika wapi, nami sikumwambia.